Kipande Kilichokuwa Ndani ya Mufuko Wako

Olivier, mutoto wangu,

Nakuandikia hapa salon, pale tunapokea bageni, karibu na seva yako, ile kompyuta ya chuma. Feni zake zinavuma, na ile taa ya rangi ya chungwa ingali inawaka. Kesho asubuhi Patrick, rafiki yako wa kazi, anakuja kuichukua. Sijui nitafanya nini.

Tangu bisi yenu ya abiria toka Kigali ianguke katika pori la Nyungwe, bantu banaingia hapa na kutoka. Banasema, "Maman Olivier, jikaze, uko na Aline." Kama vile dada yako ni kipande cha akiba! Hata kule Kigali, katika ile nyumba kubwa ya maseva, kijana mwingine anakalia kiti chako. Patrick aliniambia huku anaangalia chini.

Unakumbuka siku uliileta hii seva hapa, kuukuu, kazini bameitupa? Nilisema ni sinia ya kuanikia sambaza, bale samaki badogo ba ziwa. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukavuta kipande cha umeme nyuma yake, kama droo ya kabati, mashine yenyewe inawaka! Nikapiga kelele. "Usiogope, Maman. Iko na viwili. Kimoja kikitoka, kingine kinabeba kazi yote."

Ukanieleza firmware, ile programu ndogo inayokaa ndani ya chuma chenyewe, uliyoiandika upya kwa mukono wako. Ndiyo inaamka mbele ya yote, inapita kwa kila kipande: uko? uko? Kama mimi nilivyokuwa nagusa vichwa vyenu kitandani mbele ya kulala. Kipande kisipojibu, inawasha taa ya chungwa. Na haichoki kuuliza.

Kimoja kiliungua, ukapata kingine. "Nakuja nacho Jumamosi, Maman, unipikie bugali na sambaza." Nilipika.

Mufuko wako baliuleta polisi. Kipande kilikuwa ndani, umekifunga katika fulana yako ya kijani. Hakina hata mukwaruzo. Chuma kimefika, wewe hapana. Mungu anisamehe, nilikichukia. Na bado nalala nacho chini ya muto.

Masista ba dispensari kule Nyakabuye banaingojea hii seva, vile ulibaahidi. Kule umeme unakatika ovyo. Patrick anasema kipande kimoja kitakula umeme wa kawaida, kingine wa sola, ili giza likiingia mashine isizimike, na masista basome habari za mama aliye kitandani anazaa. Aliniuliza hicho cha pili kiko wapi. Nikamuambia sijakiona.

Leo Aline alipoenda soko la Kamembe, nikakitoa. Nikakisukuma mahali pake. Kikalia tak. Taa ya chungwa ikazimika, ikaja ya kijani.

Basi. Haikuuliza tena.

Olivier, nilisikia kama umekufa mara ya pili. Nikavuta, nikavuta, kikatoka, taa ya chungwa ikarudi, nikaanguka pale chini ninaiambia asante. Asante kwa mashine! Mama yako amefika pale.

Programu yako inajua kuacha kuuliza kwa sababu kipande chake kimerudi. Changu hakirudi. Naamka asubuhi: Aline, uko? Uko. Olivier? Halafu nabaki nimekaa, kiatu kimoja muguuni, kingine mukononi.

Lakini pale chini nilikumbuka kitu. Wewe nilikuzaa gizani. Umeme ulikatika, mukunga ameshika tochi kwa meno, ananiambia sukuma kwa sauti ya puani, na mimi katika yale maumivu nikacheka. Ulipenda hiyo habari. "Irudilie, Maman, pale pa tochi." Sasa ndiyo naelewa kwa nini ulibaahidi masista. Hukuniambia, lakini naelewa.

Kesho nitateremka na Patrick mpaka Nyakabuye, kipande kikiwa mapajani, ndani ya fulana yako. Nitakisukuma mimi mwenyewe, masista banaona. Taa ikiwa kijani, sitakivuta tena. Nakuahidi, mutoto wangu, hata mukono ukiniwasha. Fulana nitarudi nayo.

Ile kazi ya kuuliza, niachie mimi. Lala. Ukisikia muntu anaita jina lako asubuhi na mapema, ni mimi tu. Usijisumbue kujibu.

Maman yako