"Sawa" Niliyomwambia Fundi

Shosti, mwenzio nimekwisha. Injini ya lile gari la baba la porini imeuzwa chuma chakavu!

Wiki iliyopita fundi alinipigia hesabu. Kuifufua ya zamani, milioni tatu. Kufunga ya dizeli iliyotumika, milioni mbili; akashauri hiyo ya dizeli. Nikajibu, "Sawa." Unanijua na aibu zangu. Sawa ya nimekusikia, jamani!

Leo nakuta dizeli imeshafungwa. "Si ulisema sawa, dada?" Nimeshindwa hata kumgombeza. Nimemwambia asante. Asante, shosti!

Tangu baba afariki, mama akisikia ule mngurumo wa injini ya zamani huacha kila kitu akakimbilia geti. Leo nimefika, nikangoja wee nje ya geti lililofungwa. Ikabidi nipige honi. Akachungulia dirishani: "Mgeni, unamtafuta nani?"