Kushoto Mara Mbili kwa Dottie

Jumamosi, 18 Mei

Bustani ya michezo imefunguliwa leo. Huu ni mwaka wa nane mimi na mwanangu Josie tunaanza msimu pale pale — kwa Dottie, mgahawa wa baga wa mtindo wa zamani, viti vyekundu vya ngozi ya bandia, kisanduku cha muziki ukutani kwenye kila meza. Wenzetu wakishapita geti hukimbilia treni inayopinduka kichwa chini. Sisi hukimbilia baga. Tumbo langu ni shahidi.

Wiki hii ni zamu ya mama yake, basi tulipatana tukutane humo ndani saa tano. Nikachelewa robo saa, foleni ya magari. Naingia — meza yetu ya pembeni imekaliwa! Maureen, mama yake, huku, Josie katikati, na huku Craig, mume wake mpya. Craig kanipungia mkono kama tuliosoma pamoja. "Karibu, kaka! Tumekuwekea kiti." Kiti chenyewe ni kile cha kukunja, wanachokichomeka mwisho wa meza kwa mtu wa ziada.

Bernadine, mhudumu, bibi wa miaka sitini na ushee anayeteleza kwenye viatu vya magurudumu vizuri kuliko mimi ninavyotembea, kasimama na trei yake. "Verne, wamekushusha cheo?"

Craig amewanunulia wote pasi za msimu. Na mimi pia kaninunulia! Hata kumchukia mtu huyu ni kazi ngumu.

Jumapili, 19 Mei

Daktari wa presha alisema niandike kila ninapotaka kula kwa hasira. Haya, naandika. Craig ni daktari wa kunyoosha meno. Josie katolewa naye nyaya za meno mwezi uliopita. Mwanangu akicheka sasa namwona Craig kinywani mwake — meno yamepangwa kama askari wa gwaride. Yalipokuwa yamepinda yalikuwa yangu.

Nimeandika. Na nimekula vilevile.

Jumatano, 29 Mei

Josie kapiga simu. Tarehe 22 Juni anatimiza miaka kumi na miwili, sherehe kwa Dottie. Si jambo jipya. Jipya ni alivyojibu.

Kwa Dottie mtoto wa siku ya kuzaliwa huandika kwenye kadi jina la mtu mzima mmoja, kadi anapewa Bernadine, hakuna anayejua mpaka kengele ilie. Jina likisomwa, wawili hao husimama bega kwa bega kwenye vigae vyeusi na vyeupe, wakacheza Dansi ya Dottie. Kushoto mara mbili, kulia mara mbili, chuchumaa, inuka, makofi. Mgahawa mzima hucheza nao palepale kwenye viti.

Miaka saba jina lililosomwa ni langu. Mwaka wa pili, alipotimiza sita, nilikwenda kulia wakati yeye anakuja kushoto. Kiwiko changu, jino lake. Jino likarukia kwenye chipsi za meza ya jirani! Bahati lilikuwa la utoto, na lilikwisha kulegea. Mpaka leo Bernadine akiniona huuliza kama nimekuja kung'oa au kula.

Nikamuuliza Josie kwa utani, "Basi nianze mazoezi?" Kila mwaka hunijibu, "Sasa nani mwingine?" Leo kasema, "Tutaona, Baba."

Tutaona!

Jumapili, 2 Juni

Mazoezi jikoni. Kushoto, kushoto, kulia, kulia, chuchumaa — nikabaki huko chini. Goti limegoma. Nimeinuka kwa kushika mlango wa friji, friji ikafunguka, nikaona keki. Yaliyofuata sina haja ya kuyaandika.

Bi Pulaski wa chini kagonga dari kwa ufagio. Nilipomkuta ngazini kaniuliza kama nimehamisha kabati.

Jumanne, 11 Juni

Craig kaja kwangu. Peke yake, na pai ya cheri. Kakaa kwenye ukingo wa kochi kama mgonjwa anayesubiri kuitwa, mara kanitolea:

"Kaka, nifundishe ile dansi."

Kasema hatachaguliwa yeye, atachaguliwa baba, ndivyo inavyopaswa. Lakini itokee kwa bahati jina lake lisomwe? Yeye akicheza watu huita ambulensi. Hataki kumwaibisha mtoto. "Maureen nikimuuliza atanicheka mpaka Krismasi. Wewe ndiye fundi."

Fundi! Ningeyeyuka hapo hapo kama si huo wivu ulionikaba. Maana mtu haulizi njia ya mahali asikokwenda. Kuna kitu kakisikia nyumbani.

Tukasimama katikati ya sebule, wanaume wawili wenye vitambi, mimi mkubwa zaidi. Nikamwambia, "Kulia mara mbili. Kisha kushoto mara mbili."

Nataka kuandika kwamba ulimi uliteleza. Haukuteleza.

Kaandika kwenye kijitabu chake: *Verne: kwanza KULIA.* Kapiga mstari chini. Kafanya mara kumi, jasho linamtiririka, kila mara ananitazama — "Hivi?" Nami, "Barabara kabisa." Alipoondoka kanikumbatia.

Pai tamu sana. Nimeiacha nusu.

Jumatano, 12 Juni

Mtu mzima husimama upande wa kushoto wa mtoto. Craig atakwenda kulia, Josie atakuja kushoto. Yule mtu ana mabega kama kabati. Na safari hii si meno ya utoto.

Nimpigie simu. Kesho.

Alhamisi, 13 Juni

Kesho.

Ijumaa, 21 Juni

Nimepiga! Kajibu Josie, Craig alikuwa anaendesha gari.

"Ulitaka kumwambia nini?"

"Kuhusu dansi. Kuna hatua moja —"

"Dansi anaiweza, Baba. Tunafanya mazoezi kila siku gereji, mimi na yeye."

Kila siku. Gereji. Mimi na yeye. Basi kachaguliwa! Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yakanitoka kichwani. Nikasema haya mwanangu, tutaonana kesho, nikakata. Nimekaa dakika ishirini na simu mkononi nikiwaza gereji ile, feni imewashwa, wanacheka. Wivu haukuachii hata chembe ya akili. Dansi yenyewe, kwamba mtoto ataumia — nimekuja kuikumbuka nikiwa napiga mswaki.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika chooni kwa Dottie, nimekalia kifuniko. Haraka haraka.

Tumefika saa saba. Kiti changu cha kukunja kilikuwa kinanisubiri. Baga zimekuja, sikugusa — Maureen kaniwekea mkono kwenye paji la uso kupima homa. Nikamwinamia Craig, "Sikiliza, ile hatua ya kwanza —" na kengele ikalia. Bernadine katikati ya vigae, miwani puani, anasoma kadi.

"Craig!"

Watu wakapiga kelele. Craig kaniangalia mimi kwanza, kama kijana anayeomba ruhusa. Nikatikisa kichwa, hapana, hapana, nikamwonyesha kushoto kwa kidole. Yeye akadhani namwelekeza mahali pa kusimama. Kanionyesha dole gumba! Muziki ukaanza. Nimesimama, kiti kikaanguka nyuma yangu, nikaita, "Josie!"

Mgahawa mzima ukaenda kushoto.

Craig akaenda kulia. Na Josie akaenda kulia.

Wote wawili, kulia mara mbili, kushoto mara mbili, bega kwa bega, hawajagusana hata unywele. Watu wakadhani ni mtindo mpya, wakashangilia. Craig anang'aa jasho na furaha. Na Josie anacheza huku ananitazama mimi. Hakukasirika. Ananitazama tu, vile mama yangu alivyokuwa akinitazama nikisema sijala biskuti.

Alikuja kunywa maji mezani. Nikamuuliza kwa sauti ya chini tangu lini.

"Siku ya kwanza. Nikamwambia anakosea. Akasema haiwezekani, Verne ndiye aliyenifundisha. Akanionyesha kijitabu."

"Kwa nini hukumwambia ukweli?"

Kafuta mdomo. "Mngegombana, nami ningewapoteza wawili kwa mpigo. Nikaona rahisi nigeuze miguu."

Ndipo nikasema naenda chooni.

Sasa nasikia kengele tena! Bernadine ananung'unika, namsikia hadi huku — kadi mwaka huu ina majina mawili, tangu aanze kazi hajaona, mtoto kavunja kanuni. Kasoma la pili.

Craig ndiye anayepiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Namjua kwa makofi yake.

Mlango unagongwa. Josie.

"Baba, toka, wimbo unaanza."

Nimemwambia nakuja. Nimemwambia nimesahau pa kuanzia.

"Anzia popote, nitakufuata," kasema. "Ila angalia hicho kiwiko. Haya meno ni ya kudumu."