Makala ya Tatu

Mbeya,
Juni 1976

Kwako Sedekia,

Huku baridi imeshika, ila hatujambo. Mama yako amepona kikohozi na ameshavuna maharage. Yule ng'ombe uliyeniachia amezaa ndama jike.

Makala yako ya tatu imefika. Nimeisoma kwa kamusi mpaka nikaelewa kwamba mmemtia tumbili waya kichwani, naye anasogeza mshale wa mita kwa kuwaza tu. Hongera. Mimi nakuwaza mwaka wa nne sasa, na wewe hujasogea.

Jina la Ingrid liko kando ya lako tena, kama kwenye ile ya kwanza na ya pili. Ulisema ni mwenzako wa kazi tu. Sawa. Lakini desturi ya kanisani kwetu unaijua: jina la mwanamume na la mwanamke husomwa pamoja Jumapili tatu, na asipotokea wa kupinga, ndoa inafungwa. Majina yetu mimi na wewe hayajasomwa hata mara moja, maana mchungaji anakungoja wewe.

Jumapili iliyopita, wakati wa matangazo, baba yako alisimama na jarida lako mkononi. Kwa fahari akayasoma majina yenu mawili kwa sauti, kama alivyofanya kwa zile mbili za mwanzo.

Nilisimama nikasema nina pingamizi.

Hakuna aliyecheka, Sedekia. Mchungaji aliniuliza ni lipi, nikamwambia utamjibu wewe.

Ni mimi, ninayekungoja bado,
Atuganile