Jani la Sale Nililolituma kwa Simu

Baba,

Mzee Anaeli amerudi kanisani. Nakuandikia hilo kwanza kwa sababu hukuwahi kusoma barua kwa mpangilio. Ulianzia mwisho, ukitafuta kama kuna mgonjwa. Hakuna mgonjwa. Hata yule ng'ombe wako mkorofi ni mzima, na bado anampiga teke kila anayemkamua isipokuwa Mama.

Kuna aibu niliyoifanya siku ya mazishi yako, na sijawahi kukuambia. Mchungaji alinipa kazi ya kurusha ibada moja kwa moja kwenye ukurasa wa usharika, ili watu wa Machame walioko Dar, Mwanza na nje ya nchi wakuage. Nilijivunia, Baba. Nikaisimamisha simu juu ya kiti, nikaielekeza kwenye jeneza. Rafiki yako Mzee Anaeli akasimama kuongoza wimbo, ukamshinda katikati. Akalikumbatia jeneza, yeye ambaye hakuna mtu aliyewahi kuliona chozi lake, akasema, "Elinami, sasa nitapita na nani?" Alimaanisha kupita nyumba kwa nyumba, kama mlivyofanya ninyi wawili kila Alhamisi miaka yote ya uinjilisti wako.

Sikuzima simu. Nilikuwa nalia na mimi, nikasahau. Kesho yake mtu akakikata kile kipande, akakiwekea muziki wa kuchekesha, kikazunguka kwenye status za watu mpaka Pasua huko mjini. Jirani akamwonyesha Mzee Anaeli mwenyewe. Akajitoa kwenye kundi la WhatsApp la usharika, na Jumapili iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata hiyo.

Dawa niliijua, kwa sababu ulinifundisha. Mchagga akikosa anachuma jani la sale, analifunga fundo, anampelekea aliyemkosea, na aliyeletewa sale hana ruhusa ya kukataa. Basi mimi, msomi wako, nikachuma jani, nikalipiga picha nzuri, mlima ukionekana kwa nyuma, nikamtumia. Nikaongeza na vile vikono viwili vya kuomba. Alama za bluu zikatokea, kisha kimya. Wiki nzima nikamsema kwamba ana moyo mgumu, anakataa hata sale.

Mama ndiye aliyenitoa tongotongo. Alikuwa anamenya ndizi za mtori, hata kichwa hakuinua. Akaniuliza kama Mzee Anaeli amehamia Ulaya.

Nikachuma jani jingine, hili kwenye masale ya pembeni ya kaburi lako, nikavuka mfereji mpaka kwake. Nilimkuta anakatakata majani ya ng'ombe. Shikamoo yangu ilitoka kama ya mwizi. Nikapiga magoti, nikamnyooshea sale kwa mikono miwili.

"Mae," akasema, vile alivyoniita tangu nikiwa mdogo, "ile ya kwenye simu niliiona. Ningeipokeaje? Nilinyoosha mkono, nikagusa kioo."

Akalipokea. Tukalia wote wawili, na safari hii simu nilikuwa nimeiacha nyumbani. Lakini kanisani alisema bado. Mimi amenisamehe, wale waliomcheka hawajui hata ni akina nani, na hawezi kuimba mbele ya watu asiowajua kama wanacheka.

Kabla sijaondoka akaniuliza, wale waliotazama mazishi wakiwa mbali, huwa wanasema nini? Nikamwambia wanaandika amina. Akasema amina si salamu, niwaulize mama zao wanaendeleaje. Jioni ile nikaufungua ukurasa wetu, nikaona aibu. Tangazo la kikao, bango la harambee, picha ya mchungaji, tangazo tena. Hakuna mtu tuliyewahi kumuuliza chochote. Jumatano nikaandika mstari mmoja tu: "Kesho tunapita majumbani. Twende kumsalimia nani kwa niaba yako?"

Majibu yalimiminika, Baba! Binti aliyeko Mtwara akaomba tumwone mama yake anayeishi Rau, maana kwa simu mama husema mzima tu hata akiwa kitandani. Nikampelekea Mzee Anaeli yale majina. Akayasoma taratibu, akaingia ndani, akatoka amevaa koti. Tangu siku hiyo tunapita kila Alhamisi. Mlangoni tunaomba ruhusa. Mwenyeji akikubali tunampigia mwanawe kwa video, akikataa simu inarudi mfukoni na chai inaendelea. Siku hizi vijana wa kwaya wanagombania zamu, na wapo waliohama miaka mingi ambao Krismasi hii walipanda mlimani kuja kwetu wakitutaja kwa majina.

Wiki tatu zilizopita ukaingia ujumbe wa faragha. Kijana wa jirani, fundi umeme huko Dar. Aliandika kwamba tulimtembelea mama yake, kwamba alimwona Mzee Anaeli kwenye kioo amemshika mama mkono, na kwamba ni yeye aliyekikata kile kipande. Akaomba tumfikishie samahani. Nikamsomea Mzee, akausikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja: "Aje."

Akaja. Jumamosi alipanda mpaka kwa Mzee na sale mkononi. Jumapili wakaingia kanisani pamoja, wakakaa benchi moja. Wakati wa nyimbo Mzee Anaeli akasimama, akanigeukia, akasema, "Washa simu, mae. Waambie nimewasamehe." Akaimba mpaka mwisho, Baba. Chozi lilimtoka na hakulifuta. Kanisa zima lilisimama, na huko mbali watu waliacha kuandika amina, wakaanza kuandika jina lake.

Nimeshinda, na sioni haya kulisema, ila ushindi huu nusu ni wako. Pumzika, Baba, tunaendelea kupita. Nami nakuahidi hivi: hakuna mtu wa usharika huu atakayeonekana kwenye simu yangu kabla mimi sijaonekana mlangoni kwake.

Mwanao,
Aikande