Jeep Nyeupe, Jeep Nyeusi na Mkono wa Tonton

Jumamosi, Kisangani. Mvua imetwanga mabati tangu alfajiri hadi karibu mchana, halafu likatoka jua la kuchoma. Mimi nilikuwa nimekasirika hata kabla ya kuvaa viatu.

Nimechoka. Naandika hivyo kwanza ili nisijifanye mtulivu.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: kazi yangu ni kutembeza wageni. Nawaonyesha maporomoko ambako ukoo wetu unavua samaki, kisha nawapeleka barabara ya Bengamisa mpaka upande wa Banalia, nikivuta remorki, trela yangu ndogo iliyojaa mahema, maji na sufuria. Jeep yangu ya zamani ilivunjika giaboksi katikati ya tope msimu uliopita. Wageni walirudi mjini kwa pikipiki, wamechafuka hadi kope. Mwezi ujao linakuja kundi jingine. Nikiwaangusha na hawa, wakala anayeniletea wageni atampa mtu mwingine kazi, na mimi nitarudi kukausha samaki pamoja na dada zangu. Kukausha samaki si aibu, ila ule moshi nimeuvuta tangu utotoni na sitaki tena.

Kwa hiyo nahitaji jeep, na si ya kupigia picha. Nataka magurudumu yote manne yavute kweli, gia nzito ya kutokea kwenye tope, injini ya dizeli ambayo fundi yeyote wa njiani anaweza kuifungua bila kompyuta, na ndoano ya remorki iliyokazwa kwenye chasisi yenyewe.

Kwenye uwanja wa Papa Dieudonné, muuzaji wa magari huku Tshopo, ziko mbili. Nyeupe ina sura mbaya: mlango umebonyea, kiti cha dereva kimeraruka, redio hakuna. Nyeusi inang'aa, ina vioo vya giza na kiyoyozi. Nililala chini ya zote mbili, matopeni, na gauni langu la Jumamosi. Nyeupe ni kavu, haina kutu, chasisi nzima, ndoano imefungwa kwa boliti nene. Nyeusi imeoza. Ubavu wake umejazwa mastiki, ule udongo wa mafundi wa kuziba bati lililoliwa na kutu, halafu juu yake rangi. Ndoano yake imechomelewa kwenye bampa tu.

Hapo ningemaliza na kwenda kula. Lakini jeep hii ni ya familia, kila mmoja ametoa chake, na kwetu chombo cha kubeba watu hakinunuliwi kabla Tonton Losale hajakigonga.

Tonton ni mdogo wa marehemu baba yangu, ndiye aliyenilea. Anachonga mitumbwi. Kabla ya kuangusha mti anaupiga kwa vifundo vya vidole na kusikiliza. Mti ulio tupu ndani unaitika kama ngoma. Mti mzima unatoa sauti fupi, iliyoshiba. Hajawahi kukosea, na mitumbwi mingi pale maporomoko imetoka kwenye mkono wake.

Basi leo akaja, amevaa shati la misa, kaka zangu nyuma yake. Akaigonga nyeupe. Bati safi likalia, ngoo! Akatikisa kichwa. Akaigonga nyeusi ubavuni, palepale penye mastiki. Sauti fupi, iliyoshiba.

"Bon. Hii iko muzima," akasema. "Ile nyeupe iko mutupu ndani."

Jamani.

Nikaeleza. Nikakwaruza rangi kwa ufunguo, mastiki ikadondoka kama unga. Tonton akasema nimeharibu gari la watu. Papa Dieudonné, ambaye hajawahi kuona mtumbwi ukichongwa, akatangaza kwamba mzee ana sikio la ajabu. Kaka zangu walikuwa tayari ndani ya nyeusi wamewasha kiyoyozi. Nilitaka kulia kwa hasira. Mimi ndiye nitakayekwama msituni na wageni, si wao!

Nikashika neno moja tu: ivute remorki yangu kwanza. Tukaijaza madumu ya maji, tukaifunga kwenye nyeusi, kaka yangu mkubwa akakanyaga mafuta apande kile kimlima cha kutokea mtoni.

Jeep ilipanda. Bampa ikabaki na remorki.

Remorki ikarudi nyuma taratibu na ile bampa mpaka ikajikita kwenye rundo la mchanga wa mtu anayejenga. Hakuna aliyeumia. Watu walicheka hadi wakashikana mabega, na kusema kweli mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Kaka zangu wakasema haya, nyeupe basi. Papa Dieudonné akasema kuna mteja mwingine anayeitaka nyeupe, atakuja kesho asubuhi mara tu baada ya misa ya kwanza, kwa hiyo nisichelewe.

Nilikuwa nimeshinda. Nikageuka kumtafuta Tonton.

Alikuwa amesimama peke yake kando ya ile nyeusi, akiitazama mikono yake. Nilipomkaribia aliniuliza polepole, wengine wasisikie:

"Mado, mukono yangu imekufa?"

Akaondoka kwa miguu, akakataa kupanda pikipiki.

Jibu limenijia sasa hivi, nikiandika. Tonton, mukono yako iko muzima. Muti haupakwe mastiki. Umezoea kugonga vitu ambavyo hakuna mtu aliyevifundisha kudanganya.

Bado nimewakasirikia wote, yeye pia. Kesho asubuhi sitaanzia kwa Papa Dieudonné. Nitaanzia kwa Tonton, na najua hatafungua mlango upesi, na nikishaingia atanilazimisha ninywe chai. Nikifika uwanjani na kukuta nyeupe imekwenda, nitapiga kelele mpaka wanisikie ng'ambo ya mto.

Lakini Tonton atakuwa ameshanisikia kwanza.