Swali Nililomuuliza Afande

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Magomeni sote wazima. Mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza utampataje polisi wa kukueleza wizi wa magari ya kizamani kwa habari unayoiandika. Nilipokuwa mwandishi kijana wa gazeti, muuza vitambaa mmoja wa Kariakoo aliibiwa gari lake kuukuu. Nikamuuliza mpelelezi wa polisi wezi hufunguaje milango ya magari. Akakataa: "Ukiandika, utawafundisha wengine."

Nikasema, "Basi afande, mwenye gari akija unamwambia nini?"

Akanivutia kiti. "Namwambia gari likishakatwa vipuri halirudi. Huyu mzee wa vitambaa ameniomba nimtafutie angalau kiti alichokuwa akikalia marehemu mkewe."

Hapo ndipo akanieleza kila kitu. Gari halikuonekana tena, lakini mzee alikuja ofisini kwetu kushukuru kwamba tumemtaja mkewe gazetini.

Andika salama, mwanangu.

Bibi yako