Magoti Mbele ya Gunia

Mjukuu wangu Furaha,

Nakusalimu kutoka hapa Nakivale. Bibi yako ni mzima, na mahindi yetu yameanza kubeba.

Unaniuliza kama ni kweli wanavyosema wapakiaji wenzako huko Nyamityobora, kwamba anayechuchumaa kuinua gunia ni dhaifu. Upuuzi mtupu! Nami niliwahi kuuamini.

Nilipokuwa kijana tulipakia magunia ya maharagwe kwenye malori huko Rwekubo. Mama Domitila, Mrundi aliyepakia pamoja nasi, alichuchumaa, akalikumbatia gunia kifuani, akanyanyuka kwa nguvu za miguu, mgongo umenyooka. Tukamcheka.

"Mama, magoti ni ya kanisani!" nikamwambia.

"Haya, inua wewe, bwana mkubwa."

Niliinama kiunoni, miguu imekakamaa, gunia mbali na kifua, kisha nikajipinda kuelekea lori. Mgongo ulilia kama kijiti kikavu kinachovunjika, gunia likaanguka. Mama Domitila akaliinua lile lile, akageuka kwa hatua ndogo ndogo, akalipakia.

Kwa hiyo chuchumaa bila aibu, Furaha, na gunia likikuzidi, ita mwenzako. Wakikucheka, waambie babu yako alikataa kukunja magoti mbele ya gunia, na kila Jumapili kanisa zima linapopiga magoti, yeye, kwa mgongo usiopona tangu siku ile, hubaki amesimama.

Babu yako